Njia ya Baba, Njia ya Mama: Nani Hujaji wa Kweli?

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyezuru Mombasa na Kilwa mnamo 1331, hakuwa mtu wa kutishika upesi. Hata hivyo, alipoukwea mlima wa Sri Pada katika kisiwa cha Sarandibu, yaani Sri Lanka ya leo, mwaka wa 1344, alinasa jambo ambalo wasomaji wengi wa safari zake hulipita mbio. Anasimulia kuwa mlimani palikuwa na minyororo kumi ya chuma ya kushikiliwa na wapandao, na wa kumi uliitwa Mnyororo wa Shahada. Aliyefika hapo na kutupa jicho chini alishikwa na hofu ya kuanguka, akatamka shahada.

Yafaa jina hilo litafakariwe. Waliolitoa hawakuwacheka waliotetemeka. Waliitambua hofu yao na kuipa mahali katika njia yenyewe, tena mahali pa ibada.

Lakini msafiri huyo huyo anataja jambo la pili lisilo na huruma. Njia zilikuwa mbili: ya Baba na ya Mama, yaani Adamu na Hawa. (Mwanafunzi wa Kiswahili asikimbilie kudai kwamba maneno hayo yalitoka Uswahilini, baba na mama hupatikana katika lugha chungu nzima.) Njia ya Mama ilikuwa nyepesi, nayo ndiyo waliyorudia mahujaji. Aliyepandia hiyo alihesabiwa kuwa hakuzuru. Hapo ndipo penye ubishi. Ikiwa hata Hija ya Makka, ambayo ni nguzo ya dini, imefaradhishwa kwa mwenye uwezo tu, seuze mlima ambao hakuna Mwislamu aliyelazimishwa kuukwea?

Mlima wenyewe una kimo cha mita 2,243. Kileleni pana alama ya unyayo ambayo Wabudha husema ni ya Budha, Wahindu ni ya Shiva, Waislamu ni ya Adamu, na baadhi ya Wakristo ni ya Mtakatifu Tomaso. Msimu wa kuzuru huanza mwezi mpevu wa Desemba hadi ule wa Mei. Wengi hupanda usiku, kwa vipandio vinavyozidi 5,000 kutoka upande wa Nallathanniya, ili jua liwakute juu. Vikongwe hupanda, na akina mama waliobeba watoto pia.

Kwa mwenye hofu ya vimo, usiku ni stara. Taa humwonyesha kipandio kilicho mbele yake na kulifumba bonde. Taabu huja kunapopambazuka. Wenzake wanalishangilia jua na kivuli cha mlima kinachotanda magharibi kama pembetatu, ilhali yeye ndiyo kwanza anaona alikopita. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, na huyu atashuka mchana kweupe. Ushauri anaopewa na kila mtu, kwamba asitazame chini, haumfai hata chembe: ashukaye atatazama wapi?

Wanaomdhania kuwa dhaifu wa moyo au wa imani hawajui kinachotendeka mwilini. Mtu husimama wima kwa kutegemea macho, sikio la ndani, na hisia za misuli na nyayo. Macho huutambua mtikisiko mdogo wa mwili kwa kulinganisha na vitu vilivyo karibu. Penye ukingo wa jabali, vitu hivyo vikiwa mbali mno, macho hukosa kipimo. Mwili huyumba, na akili ikapiga mbiu ya hatari. Ndiyo maana kushika kitu imara na kukazia macho kipandio cha karibu humtuliza. Waliofunga ile minyororo kumi walimsaidia mtu huyu kuliko wanaomhubiria ushujaa.

Kiswahili nacho kina la kujibu. Anayetafsiri kwa pupa ataandika "woga wa vimo", na papo hapo atakuwa ametoa hukumu, kwa sababu mwoga ni mtu mwenye ila katika tabia yake. Kwa mwoga huenda kicheko, yasema methali. Na ijapokuwa inakiri kwamba kwa shujaa huenda kilio, aghalabu masikio husikia kicheko tu. Hofu ni neno pole zaidi: humpata mtu, kisha ikamwacha. Kisunzi hutaja mwili pekee. Tena ipo kucha, iliyotupa mcha Mungu na uchaji, sifa ambazo hakuna anayezionea haya. Lugha inayomheshimu amchaye Mungu haikosi namna ya kumtaja kwa adabu mtu anayetetemeka mbele ya genge. Wanaounda istilahi na wachague "hofu ya vimo", nao "woga" wauache kwenye methali.

Kileleni pana kengele ambayo kila hujaji huipiga kwa hesabu ya safari alizowahi kupanda. Anayegeuka akiwa amebakisha vipandio mia mbili haipigi. Kumwambia kwamba hakuzuru, ilhali amekesha akipanda na kila kipandio amekihisi magotini, ni kuirejesha ile hukumu ya Njia ya Mama. Wenzake wampishe ashuke upande wa ndani, penye chuma cha kushikilia.