Utumbo Si wa Supu Tu

Ndugu zangu, kila tukikaribia usiku wetu wa utamaduni linazuka lilelile: udi upo, mpigaji yupo, nyuzi hakuna. Safari hii wako waliosema tutafute nyuzi za utumbo ili sauti iwe ya "asili". Wengine wakacheka: utumbo ni ushamba bwana, nunueni nailoni yaishe. Mimi naona kambi zote mbili zimeliacha swali lenyewe.

Tuanze na utumbo. Waingereza wanauita kwa jina la paka, lakini paka wa watu hahusiki. Ni utumbo mwembamba wa kondoo, pengine mbuzi au ng'ombe. Unasafishwa ungali mbichi, unakwanguliwa mafuta, unalowekwa kwenye maji ya jivu au magadi, unasokotwa ukiwa majimaji, unakaushwa ukiwa umevutwa, kisha unasuguliwa ulainike. Huo si ushamba, hiyo ni teknolojia.

Wanaodhani nailoni ndiyo taarab ya kale wahesabu miaka. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Nailoni iligunduliwa na kampuni ya DuPont mwaka 1935. Kwa hiyo udi uliomsindikiza bibi yetu haukuwa na uzi hata mmoja wa nailoni. Lakini na wa "asili" nao wasijitape. Wakati wa Vita Kuu ya Pili utumbo ulikuwa adimu, kwani ulihitajika kushonea majeraha. Albert Augustine wa New York akatengeneza nyuzi za gitaa za nailoni, na bingwa Andrés Segovia akazipokea. Shida ndiyo iliyoleta mabadiliko, si usaliti.

Sasa niseme kama mhandisi. Sauti ya uzi inategemea mambo matatu: urefu, mvuto na uzito. Nailoni ni nyepesi kuliko utumbo, kwa hiyo uzi wa utumbo wa milimita 0.60 ukiubadilisha kwa nailoni unahitaji milimita 0.66 hivi, la sivyo utalegea. Ukitumia mshipi wa fluorokaboni, ambao ni mzito, inatosha 0.51. Tena, uzi wa juu ukikatika watu hukimbilia mnene zaidi. Haisaidii! Uzi mnene unataka kuvutwa zaidi ili ufike sauti ileile, hivyo utakatikia palepale. Dawa ni kushusha sauti, au kutumia chombo chenye nyuzi fupi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kamati: kwa usiku mmoja ukumbini, nunueni nailoni, au zile za Aquila wa Vicenza, Italia, za plastiki yenye uzito sawa na utumbo. Utumbo halisi ni ghali, unachakaa haraka, na unyevu ukibadilika utakuwa unatyuni mpaka wageni waondoke. Anayetaka kujifunza sauti ya zamani nyumbani kwake, huyo anunue utumbo, na apime kipenyo kabla ya kuagiza.

Lakini swali kubwa ni hili: kwa nini sisi ndio wanunuzi tu? Nyatiti ya Wajaluo ilifungwa mishipa ya ng'ombe, leo inafungwa mshipi wa kuvulia samaki. Siwalaumu wapigaji, mshipi ni rahisi, unapatikana dukani na hauozi. Ninachohofia ni ujuzi. Mzee anayejua kuchagua mshipa, kuukausha na kuusokota akifariki, hatuna pa kuuliza. Na malighafi tunayo kila machinjio. Sisi tunaila supu, wenzetu wa Italia na Ujerumani wanaisokota na kutuuzia kwa fedha za kigeni.

Wengi wetu tuna maabara hapa zenye mashine za kupima nguvu ya uzi hadi unapokatika. Basi ukienda likizo, mtafute mzee mmoja, iwe Siaya, Unguja au Gitega. Msalimie vizuri, kaa chini, andika hatua kwa hatua anavyofanya, na uombe kipande cha uzi. Kipimo kitafanyika huku, na jina lake liandikwe juu ya matokeo, kwa sababu mhandisi hapo ni yeye. Sisi ni makarani tu.