Kabla ya Kuongeza Dozi, Iulizwe Dawa Ilihifadhiwa Wapi

Masika yanapoingia Daudi, katika nyanda za juu za Mbulu, nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa bado mbichi, chumvi hulowa ndani ya kopo, na njiti za kiberiti hukataa kuwaka. Hakuna mama wa nyumbani anayehitaji kufundishwa kwamba hewa ya msimu huo imebeba maji. Huihamisha chumvi, hukifunika kiberiti, huyainua magunia ya mahindi kutoka sakafuni. Lakini bahasha ya karatasi yenye vidonge vya kifafa, iliyochomekwa juu ya mlango, hubaki palepale. Chumvi hupewa ulinzi ambao dawa haipati.

Jambo hili si dogo, kwa kuwa kifafa si ugonjwa wa nadra katika eneo hilo. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kazi wilayani Mbulu mwaka 1955, watafiti waliwapiga picha za ubongo watu 212 wenye kifafa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba 38 kati yao walikuwa na alama zinazoashiria au kuafikiana na mabuu ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Kwa hiyo wapo wengi ambao utulivu wa maisha yao hutegemea kidonge cha kila siku, na mojawapo ya dawa wanazopewa ni kabamazepini, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kabamazepini ina tabia moja ambayo kila anayeitoa na kila anayeimeza anapaswa kuijua: haipendi kumumunyika katika maji. Ili dawa ya kumeza ifanye kazi, kidonge hakina budi kwanza kusambaratika tumboni, kisha dawa yenyewe imumunyike, ndipo ipenye ukuta wa utumbo na kuingia katika damu. Kwa dawa inayomumunyika kwa shida, hatua hiyo ya kati ndiyo lango jembamba. Chochote kinachozidi kulibana hupunguza kiasi cha dawa kinachofika kwenye ubongo.

Unyevu hulibana lango hilo. Kabamazepini inayowekwa katika vidonge ni kavu. Inapokaa muda mrefu katika hewa yenye unyevu mwingi, molekuli zake huweza kujipanga upya pamoja na molekuli za maji na kuunda fuwele za aina nyingine, zinazomumunyika kwa uchache kuliko zile za awali. Fuwele hizo mpya hukishikamanisha kidonge kikawa kigumu. Jambo la kushangaza ni kwamba dawa yenyewe haijapotea. Kidonge cha miligramu 200 bado kina miligramu zake 200. Kilichopungua ni uwezo wake wa kuziachilia. Tena kwa macho huenda kisionekane na tofauti yoyote.

Somo hili lilipatikana kwa gharama. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nchini Marekani, baadhi ya matoleo ya vidonge vya kabamazepini yaliondolewa sokoni baada ya wagonjwa kupata matatizo ya matibabu. Mwaka 1990 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilitahadharisha kwamba vidonge hivyo vikihifadhiwa penye unyevu vinaweza kupoteza theluthi moja au zaidi ya nguvu yake. Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti uliolinganisha matoleo matatu kati ya yale yaliyoondolewa na dawa ya mtengenezaji wa kwanza. Kiasi cha dawa kilichoingia katika damu kilikuwa kati ya asilimia 60 na asilimia 113 ya kile cha dawa hiyo. Maandishi ya kopo yalitaja kipimo kilekile, lakini damu ilipokea vipimo tofauti.

Wanaotafuta dawa mpya katika maabara wanaifahamu vizuri hatari ya namna hii. Wao huhifadhi maelfu ya kemikali ili kuzijaribu moja baada ya nyingine dhidi ya vimelea vya magonjwa. Kwa kawaida kila kemikali huyeyushwa katika kimiminika kiitwacho dimethili-salfoksidi na kugandishwa. Ndivyo ulivyosambazwa, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2011, mkusanyiko wa kemikali 400 ambao taasisi ya Medicines for Malaria Venture iliwagawia bure watafiti wa malaria. Kimiminika hicho huganda kwenye nyuzi 18.5 za Selsiasi, maana yake usiku wa baridi wa mwezi wa Juni pale Daudi kingeweza kuganda mezani bila jokofu. Tena hunyonya maji kutoka hewani kwa uroho. Chupa ikifunguliwa mara kwa mara, ikagandishwa na kuyeyushwa tena na tena, maji huongezeka, umumunyifu hupungua, na kemikali hujitenga na kuzama chini kama mashapo.

Hapo mtafiti huvuta tone la juu, ambalo karibu halina kitu, akaliweka juu ya kimelea. Kimelea hakifi. Kemikali huandikwa kwamba haifai, na pengine hairudiwi kamwe. Kumbe haikushindwa na kimelea, haikukifikia. Ndiyo maana maabara makini huweka kumbukumbu za mara ngapi kila chupa imefunguliwa, hugawa sampuli katika vichupa vidogo vya kutumika mara moja, na hukagua kama kuna mashapo kabla ya kuamini jibu la "hapana".

Ni haki kuuliza: ikiwa kemikali isiyojulikana bado kama ni dawa hutendewa kwa uangalifu huo, kwa nini mgonjwa wa kifafa asipewe uangalifu kama huo? Kliniki, anaporudi akisema degedege limemrudia, swali la kwanza huwa kama amekuwa akimeza dawa. Akijibu ndiyo, mara nyingi haaminiki. Akiaminika, dozi huongezwa. Swali la tatu, yaani dawa hiyo ilikaa wapi na kwa muda gani, ni nadra kusikika.

Kutokuuliza huko kuna madhara mawili. La kwanza ni dhuluma. Mgonjwa mtiifu huitwa mkaidi, na nyumbani jamaa huanza kunong'ona kwamba ugonjwa huu si wa hospitali. La pili ni hatari ya mwili. Dozi iliyoongezwa kwa sababu ya vidonge vilivyolowa unyevu hukutana, mwezi unaofuata, na vidonge vizima kutoka kopo jipya. Mgonjwa aliyekuwa akipata pungufu sasa anapata kupita kiasi: anaona vitu viwili viwili, anayumba, anasinzia, anatapika. Naye huiacha dawa kabisa, na degedege la kuacha dawa ghafla linaweza kuua.

Wapo watakaosema kwamba sababu kubwa ya degedege kurudi bado ni kuruka dozi, na wanasema kweli. Ni kweli pia kwamba katika wiki za mwanzo ini huzoea kabamazepini na kuivunja kwa kasi zaidi, hata kiwango chake katika damu kikashuka bila kosa la mtu yeyote. Tena si kila dawa hubadilika kwa unyevu namna hii. Lakini ukweli huo haulifuti swali la hifadhi. Unaliweka tu katika foleni pamoja na mengine. Tena kuliuliza hakugharimu hata shilingi moja.

Wengine watasema Mbulu ni kwenye baridi, kwa hiyo dawa ziko salama kuliko Dar es Salaam au Tanga. Huko ni kuuchanganya ubaridi na ukavu. Zahanati nyingi huning'iniza kipimajoto ukutani na kuandika nyuzi kila siku, nalo ni jambo jema. Lakini kipimajoto hakipimi unyevu. Chumba kinaweza kuwa na nyuzi 18 na bado kuta zake zikatoa jasho.

Yapo mambo ambayo mtoa dawa anaweza kuyafanya kuanzia leo. Kopo kubwa lifunguliwe pale tu dawa inapohesabiwa, na lifungwe papo hapo. Kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kisitupwe. Kibaki ndani hadi kidonge cha mwisho. Vidonge visihesabiwe mapema na kuwekwa katika bahasha za karatasi zikisubiri siku ya kliniki. Makasha yasigusane na sakafu wala ukuta. Na shehena inayoshukiwa iripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa kuwa taarifa ya zahanati moja ikikutana na ya nyingine ndipo tatizo huonekana.

Wanaonunua dawa za umma nao wana sehemu yao. Kopo la vidonge elfu moja ni rahisi kwa bei, lakini katika zahanati yenye wagonjwa wachache wa kifafa hufunguliwa na kufungwa kwa miezi mingi. Kwa dawa kama hii, vidonge vilivyofungwa kimoja kimoja katika pakiti za bati vinastahili gharama yake, hasa kwa vituo vya mbali na vyenye unyevu. Bei ya kopo haihesabu mtoto aliyeanguka motoni kwa degedege.

Kwa mgonjwa na jamaa zake, mashauri ni machache. Dawa ikae katika chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana, mbali na bafu, mbali na mvuke wa chungu, na mahali ambapo mtoto hafiki. Isiwekwe karibu na moto kwa nia ya kuikausha, wala isihamishiwe chombo kingine ikiwa imetolewa katika pakiti yake. Degedege likirudi, dozi isiongezwe nyumbani na dawa isiachwe. Mgonjwa aende kliniki pamoja na vidonge vyenyewe katika chombo vilimokaa, aseme vilihifadhiwa wapi.

Naye mhudumu atakayevipokea avitazame, aulize vimekaa humo tangu lini, alinganishe tarehe ya degedege na tarehe ya kopo. Akimaliza hayo ndipo ashike kalamu ya kuandika dozi mpya.