Ishirini ni makumi mawili

Lugha yenyewe ni mwalimu wa hesabu. Nilikwenda Guangzhou, China, kufunga mzigo wa nguo kwenye maduka ya jumla ya Zhanqian Road, karibu na stesheni ya reli. Muuzaji hajui Kiswahili, mimi Kichina sijui. Akanyoosha gumba na kidole cha mwisho: sita. Gumba na cha shahada: nane. Mkono mmoja unafika mpaka kumi!

Nikajifunza kwamba 11 kwao ni "shi yi", kumi moja, karibu sawa na sisi. Lakini 20 ni "er shi", yaani mbili kumi. Sisi tunarukia ishirini, neno lenye asili ya Kiarabu, na mtoto hulikariri bila kuyaona makumi mawili ndani yake.

Niliporudi nikafunga njiti za kiberiti kumikumi kwa uzi. Mwanangu wa darasa la pili akawa anahesabu: makumi mawili na tatu, ishirini na tatu. Sasa kutoa kwa kukopa hakumsumbui, anafungua fungu moja tu.

Walimu wetu, kabla ya kuandika 23 ubaoni, mpeni mtoto aishike mkononi.