Lugha ya mafundi wa Eastlands isidharauliwe

Wapo walimu wa Kiswahili, na baadhi yao ni marafiki zangu wa miaka mingi, wanaoshikilia kwamba lugha inayosemwa katika gereji za Eastlands jijini Nairobi ni takataka isiyostahili kufika katika daftari la mwanafunzi. Mimi nakataa. Nakataa si kwa sababu ya mapenzi ya mtaa, bali kwa sababu ya kipande kidogo cha mpira na chuma kinachokaa juu ya springi ya mbele ya gari, ambacho mafundi wetu hukiita mauntingi.

Msomaji asiye na gari asikunje ukurasa. Hata aliyepanda teksi mara moja tu kutoka Makadara hadi Kayole anakijua kipande hiki kwa masikio. Ni kile kinachogonga ko! ko! ko! chini ya miguu ya abiria wa mbele kila gurudumu linapotumbukia shimoni. Tena dereva akikata kona pole pole langoni mwa nyumba, springi hujikaza, kisha ikaruka kwa mlio kama wa waya uliokatika. Usukani nao hukataa kurudi wenyewe baada ya kona.

Sababu yake ni rahisi. Magari mengi madogo yaliyojaa katika barabara zetu, yale yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko, hayana springi peke yake upande wa mbele. Springi imezungushwa juu ya shokomzoba, na vyote viwili vimesimama wima kama mlingoti, chini vimeshikwa karibu na gurudumu, juu vimefungwa kwenye bodi ya gari. Mpango huo ulibuniwa miaka ya 1940 na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Ford Consul na Ford Zephyr zilizoundwa Uingereza ziliutumia. Pale juu, mlingoti unapokutana na bodi, ndipo penye mauntingi: sahani ya chuma iliyogandishwa mpira, pamoja na beringi inayouwezesha mlingoti kuzunguka dereva anapogeuza usukani. Gari zima, upande ule, limeegemea hapo. Matuta, mashimo na maji ya mvua yasiyo na mfereji huumega mpira ule hata ukapasuka, na vumbi huingia ndani ya beringi likaisaga.

Kubadilisha mauntingi ni kazi inayoweza kufanyiwa nyumbani, na ndivyo wengi wanavyofanya. Pita Buruburu, Umoja au Donholm siku ya Jumamosi asubuhi, uone gari limeinuliwa mbele ya nyumba, miguu ya fundi imetokeza chini yake, mwenye gari amesimama kando na kikombe cha chai. Kisa cha kumleta fundi nyumbani si uvivu. Watu wanataka kuona kwa macho yao kila kipuri kinachotoka na kinachoingia, maana hadithi za magari yaliyoingia gereji na betri nzima yakatoka na mbovu haziishi. Vipuri hununuliwa Kirinyaga Road, ambayo watu wa makamo hadi leo huiita Grogan, jina la yule mlowezi ambaye jiji lilikwisha kumfuta katika vibao vya barabara lakini ulimi ukamhifadhi. Huko utauziwa mauntingi mpya, au utauziwa eksijapani, yaani iliyofunguliwa katika gari la Kijapani. Kwa injini sina neno. Kwa mpira, naona ni kununua uzee wa mwenzio, kwani mpira huchoka hata ukikaa rafuni.

Basi na tufuate kazi yenyewe, maana hoja yangu imo ndani yake. Gari husimamishwa mahali palipo sawa, magurudumu ya nyuma yakawekewa vizuizi. Nati za gurudumu hulegezwa gurudumu lingali chini, ndipo jeki inapoingia. Jeki ni ya kuinulia, si ya kutegemea: gari huwekwa juu ya vigingi vya chuma, na wala si juu ya mawe ya kujengea, ambayo hupasuka bila taarifa. Gurudumu likishatoka, fundi huachanisha mpira wa breki na mlingoti, akafungua kiungo cha stabilaiza, kisha akatia alama mahali zilipokaa bolti mbili kubwa za chini kabla ya kuzifungua, kwa sababu katika magari mengi bolti hizo ndizo zinazoamua gurudumu lisimame wima au liinamie upande. Kitovu cha gurudumu hutegemezwa kwa kitu kisije kikaning'inia kwa mpira wa breki. Halafu boneti hufunguliwa.

Chini ya boneti, kila upande, kuna duara dogo juu ya mlingoti. Pembeni mwa duara, katika magari mengi, kuna nati tatu ndogo. Katikati yake kuna moja kubwa. Zile tatu zinashika mauntingi kwenye bodi. Ile moja inashika ncha ya shokomzoba, na kwa hiyo ndiyo inayoizuia springi isifyatuke. Ukifungua tatu za pembeni, baada ya kufungua chini, mlingoti mzima hutoka salama mikononi mwako, springi ikiwa bado imefungwa ndani. Ukifungua ile ya katikati kabla ya springi kubanwa, umeifungulia nguvu inayobeba mamia ya kilo za gari, na nguvu hiyo haichagui pa kwenda. Huvunja taya. Huua.

Njia iliyo sawa ni kuutoa mlingoti kwanza, kisha kutia vibanio viwili vya springi vikikabiliana, na kuvikaza kwa zamu, mizunguko michache huku na michache kule, hadi springi icheze katika kikalio chake. Hapo tu ndipo spana inaporuhusiwa kugusa nati ya katikati. Mauntingi na beringi mpya zikishaingia, ncha ya springi ikakaa katika hatua yake, nati mpya ikakazwa, vibanio hulegezwa kwa zamu vile vile. Upande wa pili nao hufanyiwa hivyo siku hiyo hiyo, maana mpira wa kulia na wa kushoto umri wao ni mmoja. Kisha gari hupelekwa kupimwa mlingano wa magurudumu.

Nimeona mafundi wakifanya kazi hii kwa vibanio vya kuazima, na nimeona wengine wakiibana springi kwa mnyororo na waya. Fundi mmoja wa Umoja, mtu wa umri wangu, ana kovu linalotoka sikioni hadi kidevuni. Nilipoinama kutazama chini ya boneti, mkono wangu ukiwa karibu na spana, aliniambia, "Mwalimu, hiyo ya kati usiiguse, hiyo ndiyo yenye deni." Sijasoma katika kitabu chochote cha ufundi onyo lililo fupi na kamili kama hilo.

Sasa fikiria mwanagenzi wake. Ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, au hakumaliza. Vyuo vya ufundi nchini hufundisha kwa Kiingereza, na mitihani yao ni ya Kiingereza. Sanduku la kipuri limeandikwa Kiingereza na Kijapani. Kitabu cha mtengenezaji, kama kipo, ni hivyo hivyo. Kiswahili anachokijua vizuri, ambacho kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, hakimo popote katika njia ya kumwokoa taya lake. Kimo kinywani mwa fundi tu. Fundi akienda kunywa chai, onyo limeenda naye.

Mtu atasema: lakini lugha ya fundi haitoshi. Kwa kiasi fulani ni kweli, na wapenzi wa lugha ya mtaani mara nyingi huukwepa ukweli huu. Sikiliza kazi ikiendelea, utasikia "leta ile", "shika hapa", "hapana, ile ingine". Nusu ya sarufi ya gereji ni kidole. Lugha ya namna hiyo hufaa pale ambapo msemaji na msikilizaji wanatazama kitu kimoja, wala haiwezi kuandikwa kwenye karatasi ikamfaa mtu aliye peke yake Dandora saa kumi na mbili jioni. Ila upungufu huo haukutoka kwa fundi. Watu waliopewa kazi ya kuandika hawakufika kuandika.

Na hazina ipo. Chukua neno shokomzoba, ambalo huwachekesha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Neno la Kiingereza lililozaa hili lina b na z zinazofuatana, mfuatano usioukubali ulimi wa Mswahili. Lakini m mbele ya konsonanti ni jambo letu la kila siku: mzazi, mzigo, mzinga. Herufi b na m zote hutamkwa kwa midomo. Kwa hiyo b ikageuka m, irabu ya kati ikafuata ile iliyoitangulia, irabu ya mwisho ikafunga silabi, na neno likatoka limevaa kanzu ya Kiswahili kabisa. Hakuna profesa aliyeketi kulibuni. Limeundwa na watu wenye grisi mikononi, na limefuata kanuni ambazo mimi huzifundisha muhula mzima. Ndugu zetu wa Tanzania wana shokapu, wakafika kwa njia yao. Bushi, nati, bolti, springi, boljointi, jeki: yote yamepita katika mashine ile ile.

Wala hili si jambo geni. Usukani tunaougeuza garini ulikuwa wa chombo cha baharini kabla gari halijafika pwani yetu. Gari lenyewe ni neno la Kihindi. Mabaharia na mafundi wa zamani walilichukua neno walilokuwa nalo, au la jirani, wakalitia kazini. Nawaheshimu sana walioisanifisha lugha hii, tangu Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 hadi wanaleksikografia wa Dar es Salaam waliotupa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Bila wao nisingekuwa na kazi. Hata hivyo, istilahi inayoundwa mezani na watu ambao hawajawahi kuiona springi ikibanwa huzaliwa maiti. Fundi haihitaji, mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huisahau njiani akienda nyumbani. Ningependa tuende kwanza gereji tuulize, tuandike, tulinganishe Kariobangi na Shauri Moyo, na pale tu palipo pengo ndipo tubuni. Kwa mfano, sijakuta jina moja linalokubaliwa la kutofautisha zile nati tatu na ile moja. Nati za bodi na nati ya shokomzoba yangetosha, na yote mawili yangeeleweka leo hii bila warsha ya siku tatu hotelini.

Hapa nawageukia walimu. Katika karatasi ya Insha ya mtihani wa kidato cha nne kuna uandishi wa kiamilifu, na maagizo ni sehemu yake. Tumekuwa tukiwaandikisha wanafunzi maagizo gani? Mapishi ya pilau, ambayo ni mema, na jinsi ya kutumia dawa ya kikohozi. Mwanafunzi anayeishi hatua hamsini kutoka kwa fundi hajawahi kuombwa aandike jinsi ya kufungua mlingoti wa gari bila kujeruhiwa. Angeandika, angelazimika kupanga hatua zisizoweza kupinduliwa, kutumia hali ya kuamuru na ya kukanusha mahali pake, na kutafuta jina la kila kitu. "Usifungue nati ya shokomzoba kabla ya kubana springi." Hebu niambieni ni sentensi gani katika vitabu vyetu vya sarufi ambamo neno "kabla" lina uzito kama huo.

Sisemi maneno ya mtaani yaingie mtihanini kiholela. Sheng ina mahali pake, na Eastlands ndiyo iliyoilea. Lakini shokomzoba si Sheng. Ni istilahi ya kazi, imetulia, na kijana na mzee huitumia kwa maana moja. Mwalimu anayeikata kwa wino mwekundu anamwambia mwanafunzi, bila kutamka, kwamba baba yake au jirani yake hana lugha. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985 tuliahidiwa kwamba elimu ingeheshimu kazi ya mikono, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umeirudia ahadi hiyo kwa maneno mapya. Heshima yenyewe huanza kwa kumwandika fundi vile asemavyo.

Darasa moja, daftari moja, maswali matatu: hiki huitwaje, hufanya kazi gani, na kinaweza kukuumiza vipi? Mwisho wa muhula yatapatikana maneno mia mbili au tatu, na ukurasa mmoja wa maagizo ambao fundi anaweza kuubandika ukutani juu ya meza yake. Walimu wa shule zilizo kando ya Jogoo Road ndio wa kuanza, maana gereji ziko karibu na malango yao, na Jumamosi mafundi huwapo tangu asubuhi.