Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi: "Nenda nyumbani, tutakupigia"

Ndugu Kamishna,

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Ninafanya kazi na wanawake wa viwandani, hotelini na majumbani hapa Dar es Salaam. Ningeweza kuileta barua hii masijala nikagongewa muhuri, lakini nimeona niiandike hadharani, kwa sababu inamhusu pia dada atakayeisoma akiwa kwenye daladala asubuhi, ana mimba ya miezi minne na hajui amwambieje bosi wake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ni sheria nzuri. Nasema hivyo kwa moyo wote, maana nimeiona ikirudisha watu kazini. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa jinsia, kwa ujauzito, kwa hali ya ndoa au kwa majukumu ya familia, na kinamlinda hata yule ambaye ndiyo kwanza anaomba kazi. Kwa hiyo msichana anayeulizwa kwenye usaili kama ana mpango wa kuzaa karibuni, kisha akanyimwa kazi kwa jibu alilotoa, ana pa kusemea. Kifungu hichohicho kinahesabu unyanyasaji kuwa ni ubaguzi, kinataka mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na kina jambo moja ambalo wanawake wengi wakielezwa hawaamini: mfanyakazi akishatoa ushahidi wa awali kwamba amebaguliwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Kifungu cha 33 kinampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana haki ya siku nyingine 84. Akirudi kazini ananyonyesha, apewe muda usiozidi saa mbili kila siku ndani ya saa za kazi. Kifungu cha 37 kinasema wazi kwamba ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Haya yote, Ndugu Kamishna, unayajua kuliko mimi. Ninachotaka ukione ni yanavyoishia getini.

Mama mmoja, mshonaji wa kiwandani, alirudi kazini siku likizo yake ilipokwisha. Sare alikuwa ameipiga pasi usiku, mtoto amemwacha kwa bibi yake, na ndani ya mkoba ana kopo la kukamulia maziwa. Mlinzi akamwambia jina lake halimo kwenye orodha ya zamu. Akakaa kwenye benchi la wageni mpaka saa nne. Afisa wa utumishi akatoka, akamsalimia vizuri, akamuuliza hali ya mtoto, kisha akamwambia: "Mashine yako kwa sasa ina mtu. Nenda nyumbani upumzike na mtoto, tutakupigia." Hakupewa barua yoyote. Hakufokewa. Alifika nyumbani akamwambia mumewe kwamba kazi bado anayo, ila wamempa muda zaidi. Alipofika kwetu, baada ya mshahara wa mwezi ule na wa mwezi uliofuata kutoingia, yule mtoto alikuwa ameshaanza kukaa mwenyewe.

Sasa tufungue sheria. Kifungu cha 36 kinasema kumzuia mfanyakazi kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi ni kumwachisha kazi. Kwa maana hiyo mama huyu aliachishwa kazi pale pale kwenye benchi, bila yeye mwenyewe kujua. Na kanuni za usuluhishi na uamuzi za mwaka 2007 zinataka mgogoro wa kuachishwa kazi ufikishwe mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo sote tumezoea kuiita CMA, ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama vile kunyimwa cheo, kulipwa pungufu au kunyanyaswa huku bado uko kazini, ina siku 60. Siku 30 za mama huyu zilianza kuhesabiwa asubuhi ile, naye akazimaliza zote akiiangalia simu.

Neno "tutakupigia" limekuwa njia nyepesi kuliko zote ya kumwondoa mama mzazi kazini. Halina gharama, halina karatasi, wala halimtii hatiani anayelisema. Mwajiri mkorofi anayemwandikia mama barua ya kumfukuza anaacha ushahidi na tarehe. Yule mstaarabu anayemuuliza hali ya mtoto haachi kitu. Siwezi kuapa kwamba kila anayelisema amekusudia kula siku 30 za watu. Wapo wanaosema kwa sababu kweli hawajui la kufanya na yule aliyeshika nafasi. Lakini matokeo ni yaleyale.

Utaniambia kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda. Ipo, na tunaijaza. Mwombaji anapimwa amechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, na kama madai yake yana nguvu. Ndipo mama anaposimama mbele ya msuluhishi akisema "nilikuwa nasubiri simu," na upande wa pili unajibu kwamba hakuna aliyemwahidi simu, alikwenda likizo hakurudi, wakamhesabu mtoro. Ataonesha nini? Mlinzi aliyekuwa getini bado anataka kazi yake.

Na hata anayewahi ndani ya siku zake hukutana na lile geti tena. Utaratibu unataka nakala ya fomu ya kufungua mgogoro imfikie mwajiri kwanza, na CMA ioneshwe uthibitisho kwamba imemfikia. Mama anatumwa aipeleke mwenyewe. Mlinzi anakataa kupokea kwa sababu ameagizwa asipokee karatasi yoyote, karani wa mapokezi anasema mhusika amesafiri, na mama anarudi na fomu yake mkononi, nauli imekwisha, mtoto mgongoni.

Zipo njia nyingine za kufikia hapohapo, na nitazitaja kwa kifupi. Wapo wanaoambiwa waandike wenyewe barua ya kuacha kazi "ili usiharibu jina lako." Kifungu cha 36 kimelitazama hilo pia: mfanyakazi anayeacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike anahesabiwa ameachishwa. Wapo ambao mkataba wa muda maalumu umehuishwa kila mwaka bila maneno, na mwaka tumbo lilipoonekana haukuhuishwa. Sheria inauliza kama alikuwa na matarajio ya haki kwamba ungehuishwa, na kama alikuwa nayo, huko nako ni kuachishwa. Wapo wanaoombwa ngono ili wapandishwe cheo au wasipangiwe zamu za usiku. Hiyo ni rushwa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mlango wake ni TAKUKURU, mbali na madai yanayoweza kwenda CMA. Tena si wote wanaoanzia CMA: walimu, wauguzi na watumishi wengine wa umma wanatakiwa kwanza wamalize njia za Sheria ya Utumishi wa Umma. Nimeona wengi wakija CMA wakarudishwa baada ya kupoteza miezi. Na dada zetu wa Zanzibar wana sheria yao, Namba 11 ya mwaka 2005, na ofisi zao.

Naomba niwageukie kidogo hao dada wanaosoma pamoja nasi. Mwajiri anatakiwa ataarifiwe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Ipeleke taarifa hiyo kwa maandishi, nakala igongwe muhuri au isainiwe, uitunze kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki. Siku ukirudi ukaambiwa usubiri, usiondoke na maneno matupu. Mtumie afisa utumishi ujumbe wa simu hapohapo getini: "Nimeripoti kazini leo baada ya likizo ya uzazi, nimeambiwa nirudi nyumbani." Ujumbe huo una tarehe na saa, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ushahidi wa namna hiyo unapokelewa. Usisaini barua usiyoielewa. Kisha nenda CMA bila kungoja mwezi uishe. Kufungua mgogoro ni bure, na unaruhusiwa kuwa na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, wakili, au mwakilishi unayemchagua mwenyewe. Upatanishi ukishindikana, shauri linaendelea kwenye uamuzi, na asiyeridhika na uamuzi anaweza kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Ukishinda, unaweza kurudishwa kazini au kulipwa fidia. Na wewe ambaye hujatimiza miezi sita kazini, usikubali kuambiwa huna haki yoyote. Ni kweli ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haujakufikia, lakini katazo la ubaguzi la kifungu cha 7 linakuhusu tangu siku ya kuomba kazi.

Ndugu Kamishna, narudi kwako, kwa sababu si haki mama aliyejifungua juzi aambiwe ajifunze sheria peke yake. Kifungu cha 16 kinamtaka kila mwajiri abandike mahali pa wazi tangazo la haki za wafanyakazi. Ni viwanda vingapi vina tangazo hilo ukutani? Nilipoingia kwenye sehemu za kazi nimeona kalenda, picha za viongozi, na onyo la kutovuta sigara. Tangazo la kifungu cha 16 nimeliona mara chache mno, na lilikuwa kwa Kiingereza, ofisini kwa meneja, mahali ambapo mshonaji haingii mpaka aitwe kwa kosa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini mwetu. Tangazo la haki za wafanyakazi halina sababu ya kubaki nyuma.

Kifungu cha 7 nacho kinamtaka mwajiri asajili kwako mpango wa kuleta usawa na kuondoa ubaguzi mahali pa kazi. Ofisi yako basi inapaswa kuwa na makabati yaliyojaa mipango hiyo. Naomba yafunguliwe. Na maafisa kazi wako, ambao sheria imewapa uwezo wa kuingia sehemu ya kazi bila kutoa taarifa, wanapokwenda kukagua, waombe karatasi moja tu ya ziada: orodha ya wanawake waliokwenda likizo ya uzazi katika miaka miwili iliyopita, na mbele ya kila jina iandikwe kama alirudi. Wasiishie kwa meneja. Waende kwenye mashine waulize aliyekuwa amekaa hapa yuko wapi.

Nasikia hoja ya waajiri wadogo, na siipuuzi. Mwenye cherehani tano akimlipa mmoja siku 84 na kumlipa anayemshikia nafasi, anaumia kweli. Hilo lipelekwe kwenye baraza la LESCO, ambako serikali, waajiri na wafanyakazi hukaa pamoja, lijadiliwe nani abebe gharama na kwa mfuko gani. Lakini lisimalizwe getini, na mtu mmoja mwenye mtoto wa miezi miwili.

Ninachoomba zaidi ya yote ni hizo siku 30. Mshauri Waziri kanuni zirekebishwe ili mfanyakazi anayezuiwa kurudi kutoka likizo ya uzazi ahesabiwe siku zake kuanzia siku aliyopewa uamuzi wa mwajiri kwa maandishi, siyo siku aliyoambiwa asubiri. Mwajiri asipoandika, siku zisianze. Kwa badiliko hilo "tutakupigia" haitamfaa tena mtu yeyote, na mwajiri mwenye nia njema hatapoteza kitu, maana barua anaweza kuiandika asubuhi hiyohiyo. Na CMA ipewe watu wa kufikisha fomu kwa mwajiri aliyefunga geti, ili mzazi asitumwe kazi ya tarishi.

Kubadili kanuni kunachukua muda, na hilo naelewa. Tangazo la ukutani halichukui. Toa waraka kwa waajiri wote wa Tanzania Bara: tangazo la kifungu cha 16, kwa Kiswahili, kwenye geti la wafanyakazi na kwenye chumba cha kubadilishia nguo, likitaja siku 84, siku 30, siku 60, na mahali ilipo ofisi ya CMA ya mkoa husika. Naomba liwe limebandikwa kabla ya Mei Mosi ijayo.

Wasalaam,

Msaidizi wa kisheria,
Temeke, Dar es Salaam