Kuzika Gari Likiwa Hai

Kuna uongo mmoja ambao wenye magari ya zamani huusema kwa sauti ya upole, aghalabu mkono ukiwa juu ya boneti kama mtu anayempapasa mtoto kichwa: "Nitalitengeneza tu, nikipata nafasi." Huusema mwaka huu, wakaurudia mwaka ujao, na muda wote huo maji ya mvua yanapenya mlangoni pale mpira ulipokwisha kukatika, panya wanazaa ndani ya viti, na petroli iliyosalia katika tangi inageuka kuwa utomvu unaonuka kama rangi iliyooza. Mtu wa namna hii hupenda kuitwa mtunzaji. Mimi namwita mzikaji, tena anayezika kilicho hai.

Nisirushe mawe gizani. Nazungumzia hasa Datsun 240Z, gari la michezo la Wajapani lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 1969, ambalo kwao Japani liliitwa Fairlady Z. Lina injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393, na kabureta mbili ubavuni. Marekani lilianza kuuzwa kwa dola 3,526, bei iliyowafanya matajiri wenye magari ya Ulaya wakune vichwa. Lakini sisi wa Afrika Mashariki hatukulijua kwa bei. Tulilijua kwa vumbi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo mashindano ya East African Safari, na Shekhar Mehta akamfuata wa pili kwa gari la aina hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe, mzaliwa wa Uganda, alishinda nalo baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano kabla hajafariki mwaka 2006. Lile gari la ushindi wa 1971 Wajapani wamelihifadhi kwao Zama. Sisi tuliokula vumbi lake tunayaacha ndugu zake yaoze nyuma ya nyumba, kuku wakitagia chini yake.

Ndugu msomaji atasema: hayo ni mapenzi tu ya wazee, gari likizeeka ni chuma chakavu. Huyu simchukii hata kidogo. Anayeliita gari chuma chakavu angalau anasema anachoamini, na pengine kesho atamwuzia mwenye nia. Ugomvi wangu ni na yule asiyeuza wala kutengeneza. Mwaka 2020 gari moja la aina hii, la mwaka 1971, liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000, na tangu habari hiyo ienee kila mwenye gofu la 240Z anajiona ameketi juu ya dhahabu. Hakuambiwa, au hakutaka kusikia, kwamba gari lile lilikuwa limetembea kidogo sana na lilikuwa na kila kitu chake cha asili. La kwake lina mti uliochipua penye taa.

Ukitaka kujua kama gari lina uhai, usianze na injini. Hapa ndipo mafundi wetu wengi, hata wale hodari, hukosea njia. Akiletewa gari lililolala miaka kumi, la kwanza ni kuleta betri na kujaribu kuliwasha, na likinguruma watu wanapiga makofi. Injini ya gari hili ni ngumu kuua. Ina mnyororo wa majira badala ya mkanda, na ukoo wake ni ule ule uliofungwa katika Datsun 1600 SSS na 180B, magari ambayo mafundi wetu walizaliwa nayo. Injini ikifa, itatafutwa nyingine. Bodi ikifa, gari limekwisha, maana 240Z haina chesisi ya peke yake kama pikapu; mabati yaliyochomelewa pamoja ndiyo mifupa yake. Kutu ikila mifupa hiyo, unapaka rangi maiti.

Kwa hiyo lala chini. Vaa nguo mbovu, chukua tochi, bisibisi na sumaku. Tazama sakafu ya miguuni, kisha zile mbavu za bati zinazopita chini yake kwa urefu. Zigonge kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Bati zima hulia, bati bovu hujibu kama boga. Panda juu, ondoa betri, uangalie sahani inayoikalia na yaliyo chini yake, kwa sababu asidi imekuwa ikidondokea hapo tangu siku za Mzee Kenyatta. Fuata vizingiti vya milango, kona za nyuma mbele ya matairi, shimo la tairi la akiba, na ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Sumaku ifunike kwa kitambaa chepesi uipitishe kwenye bodi: pale inapoachia ghafla, mtu alijaza puti akakuachia wewe deni. Gari lililokaa Mombasa au Tanga lichunguze mara mbili, kwani hewa ya chumvi haina huruma. Lililokaa Nakuru au Arusha huweza kuwa na rangi iliyofifia mpaka inatia aibu na chini likawa zima kabisa. Nipe hilo lenye aibu.

Baada ya hapo ndipo uje kwa injini, na uje polepole. Nimemwona mtu akilisukuma gari la namna hii mteremkoni, gia ikiwa ndani, eti "lishtuke". Ringi zilizoshikana na ukuta wa silinda kwa kutu hazishtuki, huvunjika. Toa plagi zote sita, mimina oili nyepesi kidogo katika kila tundu, uache siku kadhaa, kisha uzungushe kwa mkono ukitumia spana kwenye nati kubwa ya mbele ya krenki. Ikikataa, ongeza oili, subiri tena. Usiguse stata mpaka izunguke bure. Mwaga oili ya zamani, mwaga petroli ya zamani yote, shusha tangi uoshe, badilisha mipira ya petroli, fungua kabureta na usafishe. Ukipima mgandamizo, usiushangilie ukubwa wa namba. Tazama kama silinda sita zinakaribiana. Tano nzuri na moja dhaifu ni kazi. Sita dhaifu kwa usawa huenda ni uchovu wa kulala tu, na zikitembezwa kidogo zitapanda.

Na breki, jamani. Mtu anahangaika wiki tatu gari linguruma, kisha anatoka nalo barabarani na maji ya breki yaliyonyonya unyevu kwa miaka kumi, mipira iliyopasuka, na silinda za magurudumu zilizoganda. Hapo mjadala wa gari umekwisha, tunazungumzia msiba. Breki, tairi na usukani vitengenezwe kabla gari halijaondoka lilipo. Tairi lenye meno mazuri lililokaa miaka ishirini ni bomu.

Kuna kundi jingine ambalo hupewa sifa nyingi kuliko linavyostahili, nalo ni la wapaka rangi. Hawa hawaliachi gari lioze, la hasha. Wanalivisha rangi nyekundu inayong'aa, ringi za magurudumu za fedha, viti vya ngozi, kisha wanalikokota juu ya lori hadi kwenye maonyesho na kulirudisha juu ya lori. Tofauti yao na yule mwenye kuku ni sabuni. Gari lililojengwa liende kasi katika tope la Taita na vumbi la Dodoma, leo linafunikwa shuka lisipate upepo. Afadhali hata yule kijana anayeng'oa injini ya asili na kufunga ya Toyota. Nampinga, na nikimpata nitamwambia aitunze ile aliyoing'oa isiende kwa wanunua vyuma, lakini la kwake linatembea. Mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yameonyesha kwamba magari haya bado yanaweza kupigwa na mawe na yakafika.

Hoja ya fedha siikwepi. Kufufua gari la michezo kwa uaminifu huweza kugharimu kuliko thamani yake siku ya kumaliza, na mwenye watoto shuleni hana haja ya kuniomba msamaha. Lakini hoja hiyo ni ya kuuza, si ya kuweka. Kila mwaka unaopita hupunguza mabati, na hupunguza pia mafundi. Wale wanaojua kulinganisha kabureta mbili kwa kusikiliza mlio wa hewa kwenye kipande cha mpira wanazeeka, na vijana wao wamefundishwa kuchomeka kompyuta. Gari litakapopata nafasi ile iliyoahidiwa, huenda akakosekana wa kuliamsha.

Mzee mmoja wa pwani, ambaye gari lake limelala chini ya mwembe, nimemweleza haya mara nyingi. Haliuzi. Basi nimeacha kumwomba auze. Sasa namwomba jambo moja tu: aruhusu fundi atoe plagi sita, amimine oili, na alisogeze gari kutoka chini ya utomvu wa ule mwembe. Ni kazi ya asubuhi moja, na gharama yake haifiki tangi moja la petroli.