Leza ya kijani si mchezo wa watoto

Juzi mwanangu alirudi nyumbani na kalamu ya leza ya kijani, kainunua kwa riyali moja. Jioni barazani akammulika binamu yake usoni. Nikamnyang'anya palepale.

Shangazi yake akanambia: "Si kama ile nyekundu tu?" Hapana, jamani. Jicho la binadamu huona kijani vizuri zaidi. Kwa nguvu ileile, kijani ya nanomita 532 hung'aa machoni karibu mara nane kuliko nyekundu ya 650. Ndiyo maana huwatia kiwi marubani.

Kubwa zaidi limejificha ndani. Nyekundu hutoka moja kwa moja kwenye dayodi. Kijani nyingi huanza na mwanga wa infraredi, usioonekana, unaopitishwa kwenye fuwele mpaka ukageuka kijani. Za bei rahisi mara nyingine hazina kichujio, na mwanga ule huvuja. Jicho halina habari, kope hazifumbi, mboni ya ndani inaungua kimya kimya.

Sisemi nyekundu ni salama. Ikiwa na nguvu nayo huumiza. Lakini wazee wenzangu, kijani isiwe zawadi ya Idi. Yetu iko kabatini, betri nimeshazitoa.